Nani kabeba alama? Vivumishi vya Kijerumani mbele ya nomino za kike

"Shikamoo Mwalimu. Nasoma Kijerumani hapa Tanga. Ngazi ya A2 nimeshamaliza, na mtihani wa ngazi inayofuata, B1, ni baada ya wiki tisa. Nia yangu ni kwenda kusomea uuguzi. Kinachonitesa ni viishio vya vivumishi, hasa mbele ya nomino za kike, ambazo nilidhani ndizo nyepesi. Kwenye insha yangu ya mwisho nimepigiwa mistari myekundu katika sentensi hizi: 'Ich wohne mit meine kleine Schwester', 'Ich habe eine guten Freundin', 'Unsere Wohnung ist kleine', 'Ich trinke Tee mit frische Milch', na 'Meine Tante arbeitet in der neuer Klinik'. Hii ya mwisho imeniuma zaidi. Niliambiwa 'der' ni ya kiume. Kama 'Klinik' ni ya kike, hiyo 'der' imetoka wapi? Mwenzangu wa darasani ananishauri niweke -en kila ninapotia shaka. Kitabu kina majedwali matatu yenye visanduku 48. Niyakariri yote, au kuna namna nyingine ya kulielewa jambo hili?"

Marahaba, mwanangu. Nimezisoma sentensi zako tano zaidi ya mara moja, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba hujakosea kosa moja mara tano. Umefanya makosa ya aina nne, na kila aina ina chanzo chake. Moja umelileta kutoka kwenye Kiswahili chetu, moja umepewa na mwenzako, na moja, lile lililokuuma zaidi, linaonyesha kuwa umekaribia kabisa kuelewa. Ukiyachanganya yote na kuyaita "viishio vinanishinda", utakariri majedwali hadi usiku wa manane na mistari myekundu itarudi palepale.

Tuanze na hiyo "der". Aliyekuambia kuwa "der" ni ya kiume alikupa nusu ya sentensi. Nusu nyingine ni: "katika nominativi", yaani pale nomino inapokuwa ndiye mtendaji. Umbo moja la artikeli (kineno kama der, die au eine kinachotangulia nomino) hufanya kazi zaidi ya moja, na wewe Mswahili hilo hulishangai hata kidogo katika lugha yako. Sema "mti umeanguka", sema "ukuta umeanguka", kisha mwambie rafiki yako "pole, umeanguka". Ni u- ileile mara tatu: ya mti, ya ukuta, na ya mtu unayesema naye. Hakuna aliyewahi kusikia "mti umeanguka" akadhani anaambiwa yeye. Vivyo hivyo "der" ni ya kiume katika "der Arzt kommt", daktari anakuja, lakini ni ya kike katika "in der Klinik", kwa sababu hapo nomino ya kike imeingia katika dativi, hali ambayo nomino huwa nayo, kwa mfano, baada ya "mit" au baada ya "in" ya mahali ulipo. "Die Klinik" ikiwa mtendaji au mtendwa (hali ya mtendwa huitwa akusativi) hubaki "die". Ikiingia dativi au genitivi (hali ya mwenye kitu) huwa "der Klinik". Haijawa ya kiume, imebadili kazi tu.

Itazame herufi ya mwisho: r. Utaikuta mahali pote ambapo jinsia ya kike imeingia dativi: mit der Frau, mit einer Frau, mit meiner Frau, mit dieser Frau. Hata kiwakilishi kinaibeba: "mit ihr", pamoja naye (mwanamke). Ukisahau kila kitu chumbani mwa mtihani, ikumbuke "mit ihr". R ile ndiyo alama unayoitafuta.

Sasa tuingie kwenye utaratibu wenyewe. Kiswahili humvisha kila mtu sare. Sema: "Watoto wangu wawili wadogo wale wamelala." Hesabu wa-, ni sita. Hatuoni uzito wowote kuirudia, na asiyeirudia tunamsikia mara moja kuwa ni mgeni. Kijerumani hakifanyi hivyo. Katika kirai cha nomino, Kijerumani kinataka alama ya jinsia na hali (nominativi, akusativi, dativi au genitivi) ionekane wazi mahali pamoja, na kinapenda ionekane mapema. Artikeli ikishaibeba, kivumishi kinachofuata hupumzika na kuvaa kiishio chepesi. Artikeli isipokuwepo, au ikiwepo neno lisiloweza kubeba chochote, basi kivumishi ndicho kinachojitwisha.

Kwa hiyo mbele ya nomino ya kike ya umoja jiulize maswali mawili, kwa mpangilio huu. La kwanza: alama inayotakiwa ni ipi? Kwa jinsia ya kike zipo mbili tu. Ni e (ile ya "die") katika nominativi na akusativi, au r (ile ya "der" na "ihr") katika dativi na genitivi. Ikiwa ni e, kazi imekwisha: kivumishi kinapata -e, uwe na "die", uwe na "eine", uwe huna kitu. Die alte Schule, eine alte Schule, alte Schule. Huhitaji hata kuuliza swali la pili.

Ikiwa ni r, ndipo unauliza: nani kaibeba? Ikiwa kuna neno mbele ambalo tayari lina r hiyo, kama der, einer, meiner, keiner au dieser, kivumishi kinapata -en. Ikiwa hakuna aliyeibeba, kivumishi kinaibeba chenyewe: -er. In der alten Schule. In einer alten Schule. Lakini: mit frischer Milch, mit großer Freude, in kurzer Zeit. (Neno "shule" tunalotumia kila siku lilitoka hukohuko, kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika, na kwao "die Schule" ni ya kike. Angalau jinsia ya neno hilo isikupotee.)

Hayo ndiyo yote kwa umoja wa kike. Katika visanduku 48 vya kitabu chako, vya kike ni 12 tu, na ndani yake mna viishio vitatu: -e mara sita, -en mara nne, -er mara mbili. Jinsia ya kiume ndiyo yenye vurugu, kwa sababu hubadilika hata kati ya nominativi na akusativi: der alte Mann, den alten Mann. Ya kike haifanyi hivyo. Ulipodhani kuwa nomino za kike ndizo nyepesi ulikuwa na haki kabisa, na usikubali alama nyekundu zikunyang'anye wazo hilo.

Turudi kwenye karatasi yako. "In der neuer Klinik": uliijua dativi, ukaweka "der" sawasawa, halafu ukamtwisha kivumishi mzigo uleule ambao artikeli imeshaubeba. Hilo ni kosa la Mswahili hodari, aliyezoea sare. R moja inatosha: in der neuen Klinik. Ndiyo maana nasema kosa hili ni la mtu aliyekaribia kufika.

"Mit frische Milch" na "mit meine kleine Schwester" ni kitu tofauti. Hapo hukukosea kivumishi, ulikosa kuiona dativi. Kihusishi "mit" kinataka dativi siku zote, bila kujali maana, na ukikosa hapo hata artikeli inaharibika, kama ilivyoharibika "meine". Sahihi ni "mit frischer Milch", maana hakuna artikeli ya kubeba r, na "Ich wohne mit meiner kleinen Schwester zusammen", maana "meiner" imeibeba. Vihusishi vya dativi visivyobadilika unavyovihitaji zaidi si vingi: aus, bei, mit, nach, seit, von, zu, gegenüber. Vikariri kama unavyojua namba ya simu ya nyumbani. Kuvijua hivi vinane kutakuokoa makosa mengi kuliko jedwali lolote la vivumishi.

Vipo pia tisa vinavyokwenda njia mbili, kama in, an na auf: akusativi ukielekea mahali, dativi ukiwa mahali. Hapa nina mfano mmoja ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu utaratibu mzima umo ndani yake. Mjerumani akichoka kukaa ndani husema: "Ich gehe an die frische Luft." Natoka nje nikapate hewa safi. Akishafika nje, yuko "an der frischen Luft". Akilalamika tu kuwa chumba kimefungwa, husema: "Ich brauche frische Luft." Na mtu akisifu chumba kwa hewa yake, anaweza kukiita "ein Zimmer mit frischer Luft". Hewa ni ileile, viishio vitatu vyote vimeonekana, na kila kimoja kina sababu unayoweza kuitaja. Kaa na sentensi hizo nne mpaka ziwe zako. Usiende mbele kabla hujaweza kueleza kwa mdomo wako kwa nini ya pili ina -en na ya nne ina -er.

"Unsere Wohnung ist kleine": hili ndilo la nyumbani. Sisi tunasema "nyumba ni ndogo", "vyumba ni vidogo", "mtoto ni mdogo". Kivumishi kinapatana na nomino hata baada ya "ni". Kijerumani hakikubali. Kivumishi kikikaa baada ya sein (kuwa), werden (kugeuka kuwa) au bleiben (kubaki), kinabaki uchi: die Wohnung ist klein, die Milch wird sauer, die Nacht bleibt ruhig. Kiishio huja pale tu kivumishi kinapotangulia nomino yake: die kleine Wohnung. Nimewasahihisha wanafunzi wengi wenye Kiswahili kama lugha ya kwanza, na kosa hili hubaki hata kwa waliofika mbali, hasa wanapoongea haraka, kwa sababu sikio letu limefundishwa upatanisho tangu utotoni. Usilionee haya, lakini lipe jina lake ili ulikamate.

Na "eine guten Freundin" ni ushauri wa mwenzako. Sitaki kumlaumu, maana ushauri wake una msingi. Ukivihesabu visanduku vyote 48, -en imo katika 26. Anayebahatisha kwa -en katika jedwali zima atapata zaidi ya nusu. Ila ukija kwenye umoja wa kike, -en ni sahihi katika visanduku 4 kati ya 12 tu, na katika nominativi na akusativi, yaani sentensi nyingi utakazoandika kuhusu dada yako, nyumba yako na kazi yako, ni kosa daima. Ich habe eine gute Freundin. Kama ni lazima ubahatishe mbele ya nomino ya kike, bahatisha -e. Afadhali zaidi, usibahatishe. Uliza swali la kwanza, alama inayotakiwa ni ipi, ukianza na hili: kuna kihusishi cha dativi hapa?

Kuna mitego michache nataka uijue kabla haijakunasa. Mmoja ni "unser" (-etu) na "euer" (-enu). Zina -er mwishoni, na mwanafunzi huidhani ile r yetu. Siyo. Hiyo ni sehemu ya neno lenyewe, na alama huongezwa baada yake: unsere neue Lehrerin, mit unserer neuen Lehrerin. "Euer" humeza e yake ya ndani: eure neue Wohnung, in eurer neuen Wohnung.

Mwingine ni maneno yanayokaa mbele ya kivumishi bila kubeba kitu. "Viel" na "etwas" ni hivyo: Kaffee mit viel warmer Milch. Jina la mwenye kitu nalo ni hivyo: mit Mamas neuer Tasche. Kuna neno mbele, ndiyo, lakini halina r, kwa hiyo kivumishi kinajitwisha. Hapa ndipo unapoona kwamba swali la "nani kaibeba" lina nguvu kuliko kukariri kuwa "artikeli ipo" au "artikeli haipo".

Vivumishi viwili vikifuatana huvaa sawa, kwa kuwa vyote vinategemea kilicho mbele yao: in einer kleinen ruhigen Wohnung, mit frischer warmer Milch. Vingine hujikata kidogo kabla ya kupokea kiishio. Teuer huwa teure, dunkel huwa dunkle, hoch huwa hohe: eine hohe Rechnung. Na vipo visivyobadilika kabisa, kama vyetu vya "safi", "ghali" na "maridadi", ambavyo havijali ngeli. Rosa na lila ni wa kundi hilo: eine rosa Bluse, mit einer lila Tasche. Vivumishi vinavyotokana na majina ya miji navyo havibadiliki na huandikwa kwa herufi kubwa, kwa hiyo ukisoma tangazo la kazi "in einer Hamburger Klinik" usidhani mwandishi kakosea kwa kuweka -er mara mbili. Hamburger pale ni kama "ya Hamburg", haina habari na dativi.

Wingi nitaupita haraka, kwa kuwa hukuuliza, lakini unakugusa mahali pamoja. "Die" ni ya kike umoja na pia ni ya wingi wa jinsia zote, kama vile i- yetu ilivyo ya nyumba moja ("nyumba imeanguka") na ya miti mingi ("miti imeanguka"). Baada ya "die" ya wingi kivumishi kinapata -en: die neue Nachbarin, lakini die neuen Nachbarinnen. Keine neue Wohnung, lakini keine neuen Wohnungen. Itazame nomino kwanza, uone ni moja au nyingi.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza moja kwa moja ila nimelihisi katika barua yako: neno "ya kike". Jinsia ya kisarufi si mwanamke. "Das Mädchen", msichana, ni neno la jinsia ya kati kwa sababu ya kile kijineno -chen mwishoni, kwa hiyo ni mit dem kleinen Mädchen, kamwe si "mit der". "Die Person", mtu, na "die Fachkraft", mtaalamu, ni za kike hata anayesemwa ni mwanamume mwenye ndevu. Utakapokuwa unatafuta nafasi ya uuguzi utasoma "Wir suchen eine erfahrene Pflegefachkraft", tunatafuta muuguzi mzoefu, na tangazo hilo linawaita wanaume vilevile. Kwetu uhai hushinda umbo: tunasema "kijana amekuja", hatusemi "kimekuja". Kwa Wajerumani, katika kirai cha nomino, umbo ndilo linaloshinda.

Ndiyo maana viishio vya kivumishi haviwezi kukaa sawa kama jinsia ya nomino huijui. Hilo ndilo ambalo majedwali hayakuambii. Jifunze nomino pamoja na "die" yake tangu siku ya kwanza. Nyingine zinajitangaza zenyewe: zinazoishia na -ung, -heit, -keit, -schaft, -tion na -tät ni za kike. Kwa fani yako hii ni neema, maana maneno mengi ya kazi yamo humo: die Ausbildung, die Krankheit, die Gesundheit, die Station, die Operation, die Untersuchung. Zinazoishia na -e nazo nyingi ni za kike, kama die Spritze, sindano, na die Tablette, lakini usizifuate kwa kufumba macho: der Name, der Käse na das Auge zimekaa kando.

Na kwa kuwa ni uuguzi, zingatia nomino zilizotokana na vivumishi. "Die Kranke" ni mgonjwa wa kike, "die Verwandte" ni ndugu wa kike wa ukoo, na ingawa zimekuwa nomino zenye herufi kubwa, bado zinavaa viishio kama vivumishi: eine Verwandte ist da, lakini ich spreche mit einer Verwandten. Nani kaibeba r? "Einer". Basi -en. Maswali ni yaleyale mawili.

Sasa, ukariri au usikariri? Nitakueleza ninavyoona kila njia. Majedwali yanafaa kwa kusahihisha maandishi ukiwa umetulia, na ni vizuri kuwa nalo moja ukutani, lakini hakuna anayeongea huku akisoma visanduku kichwani. Maswali mawili niliyokupa ni mepesi kuliko jedwali na yanakupa sababu, ila nayo yanachukua sekunde kadhaa, na mtahini aliyekaa mbele yako hawezi kuzisubiri kila mara. Kinachofanya kazi mdomoni ni vipande vilivyokaririwa vikiwa vizima: in letzter Minute, aus erster Hand, mit großer Freude, mit meiner älteren Schwester, in der neuen Wohnung, seit einer langen Zeit. Jitengenezee vipande thelathini hivi vinavyohusu maisha yako mwenyewe, dada yako, nyumba yenu, kliniki ya shangazi, na uviseme kwa sauti kila siku ukiwa unaosha vyombo au unasubiri daladala. Kwa wiki tisa hiyo ndiyo njia ninayokushauri: vipande kwa kuongea, maswali mawili kwa kuandika. Jedwali la kike huhitaji kulikariri kabisa, kwa kuwa sasa unaweza kulijenga mwenyewe kwenye kipande cha karatasi kwa dakika moja.

Na tusiutie mtihani ukubwa ambao hauna. Katika Goethe-Zertifikat B1 kila moduli kati ya zile nne inataka alama 60 kati ya 100. Kwenye kuandika, watahini hawaangalii sarufi peke yake. Wanatazama pia kama umejibu ulichoulizwa, kama mawazo yako yanaungana, na upana wa msamiati wako. Barua iliyojibu kila kipengele ikiwa na viishio vinne vilivyoteleza ina nafasi nzuri kuliko barua fupi ya woga isiyo na kosa. Ila mwanzo wa barua usiukosee, kwa sababu ndio unaosomwa kwanza na ni kipande cha kukariri tu: "Sehr geehrte Frau" kwa mwanamke, "Sehr geehrter Herr" kwa mwanamume, na "Liebe" kwa rafiki wa kike. Hakuna artikeli hapo, kwa hiyo kivumishi kimebeba alama chenyewe, e kwa mwanamke na r kwa mwanamume. Zoea kuandika barua zako za mazoezi kwa kuacha dakika tano za mwisho, urudi nyuma ukitafuta kitu kimoja tu: kila mahali penye mit, bei, von, zu na in. Pitia hayo, achana na mengine.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi, na hapo tafuta mwalimu wa kukaa naye uso kwa uso. Ukiandika sawa ukiwa na muda na ukakosea unapoongea, huna tatizo, ni mazoezi tu. Lakini ukiona kwamba bado hutofautishi "Ich gehe in die Stadt" (naenda mjini) na "Ich bin in der Stadt" (niko mjini) bila kuangalia kitabu, vivumishi havitakaa hata ufanye nini, na unahitaji mtu akurudishe kwenye hali zenyewe kwa vipindi viwili au vitatu kabla hujaendelea. Fanya hivyo wiki hii, usingoje ya nane.

La pili ni masikio. R ya mwisho kwa Wajerumani wengi haitamkwi kama yetu. "Guter" inasikika karibu na "guta", "guten" inasikika kama "gutn" iliyomeza irabu yake, na "gute" inaishia na e hafifu iliyolegea, isiyo e yetu kamili ya "wembe". Mswahili anayesoma kila herufi kama ilivyoandikwa anaweza kusikiliza redio mwaka mzima bila kuisikia hiyo r, na usichokisikia huwezi kukiokota. Mwombe mwalimu wako, au yeyote aliyekulia Ujerumani, asimame nyuma yako na kusoma kwa mwendo wa kawaida, kwa kuchanganya mpangilio: "gute Milch", "mit guter Milch", "mit der guten Milch", kisha maneno "gute", "guter", "guten" peke yake. Wewe andika kiishio unachokisikia. Kati ya ishirini, ukipata kumi na sita au zaidi, masikio yako yako tayari na vipande vyako thelathini vitakaa. Ukipata kumi au pungufu, anza na masikio kwanza: mwombe asome, wewe uangalie midomo yake, halafu useme baada yake, dakika kumi kila siku, kabla hujaigusa sarufi tena.